UZI: Deni la barabara likiisha, tozo inakoma kweli? Tusome mikataba kabla ya kupiga kelele

Mzani56 (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila bajeti ikisomwa mjadala wa tozo ya Daraja la Nyerere pale Kigamboni unafufuka. Nairobi nao wana Expressway yao, Kampala wana ile ya Entebbe iliyoanza kutozwa Januari 2022 baada ya watu kuipita bure tangu 2018. Hoja ni ileile kote: "hela yao imesharudi, waondoe vibanda."

Mimi nakubaliana na dai lenyewe. Tatizo ni kwamba wengi wanadai kitu ambacho hakijaandikwa popote. Tozo haikomi kwa sababu deni limeisha. Inakoma kwa sababu kuna karatasi inayosema itakoma, na kuna mtu mwenye wajibu wa kutangaza kwamba siku hiyo imefika. Karatasi hiyo isipokuwepo, deni litaisha kimyakimya na mtaendelea kulipa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "lini", uliza tozo yako ni ya aina gani. Kwa uzoefu wa nchi nyingine naona aina tatu hivi. Kuna tozo iliyofungwa kwenye hatifungani (hati za mkopo wanazouziwa wawekezaji): zikilipwa zote, inakufa. Kuna tozo iliyofungwa kwenye muda: mbia (kampuni iliyojenga kwa ubia na serikali) anakusanya miaka 25 au 30, apate faida au hasara, kisha anakabidhi. Na kuna tozo iliyofungwa kwenye kiasi: akishakusanya jumla fulani, mkataba unakwisha hata kama miaka haijatimia. Ya nne ndiyo ya hatari, ile isiyofungwa na kitu chochote zaidi ya tangazo la waziri.

Kigamboni kajengeni hoja mkijua kwamba NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, iliweka asilimia 60 na Serikali asilimia 40. Ile 60 ni michango ya wanachama. Lazima irudi na faida yake, si mtaji mtupu. Anayesema "gharama ya ujenzi gawanya kwa makusanyo ya mwaka" ameruka nusu ya hesabu.

---

Wakili wa Pembezoni

Mkuu Mzani umegusa penyewe. Niongeze mfano wa aina ya tatu, maana watu hawaujui.

Madaraja mawili ya mto Severn, kati ya Uingereza na Wales. La kwanza lilifunguliwa 1966, la pili 1996. Sheria ya Bunge ya 1992 ilimpa mbia haki ya kukusanya mpaka afikishe pauni milioni 1,029 kwa bei za 1989, au miaka 30, lolote litakalotangulia. Angalieni hayo maneno "kwa bei za 1989". Bila hayo, mfumuko wa bei ungemfikisha kwenye lengo mapema kwa hela isiyo na thamani, na hakuna benki ambayo ingemkopesha. Pamoja nayo, kila mwaka makusanyo yanashushwa thamani kwanza ndipo yanahesabiwa. Mwananchi naye anapata kitu: magari yakiwa mengi kuliko ilivyotarajiwa, faida ya ziada haiingii mfukoni kwa mbia, inafupisha mkataba.

Januari 2018 madaraja yalirudi serikalini. Siku hiyohiyo tozo ya gari dogo ikashuka kutoka pauni 6.70 hadi 5.60, kwa sababu chombo cha serikali hakikuwa na haja ya kutoza VAT. Tarehe 17 Desemba 2018 ikafutwa kabisa.

Chile walitumia wazo la jamaa yake kwenye barabara ya Santiago kwenda Valparaíso, zabuni ya 1998. Aliyeomba jumla ndogo zaidi ya mapato, kwa thamani ya siku ya zabuni, ndiye aliyeshinda. Tarehe ya kumaliza haikupangwa mapema. Ukikusanya ulichoomba, unaondoka.

Huku kwetu mikataba mingi ya ubia ni ya muda. Huo ni uchaguzi, na ulifanywa mezani.

---

Mdau wa Mlolongo

Swali kutoka Kenya. Nairobi Expressway ni kilomita 27, mkataba miaka 27. Je, Moja Expressway, kampuni inayoiendesha, wakirudisha pesa zao mwaka wa 15, tunaachiliwa?

---

Wakili wa Pembezoni

Hapana ndugu. Mkataba wa muda haujali deni la mbia limelipwa lini. Anaweza kumaliza mkopo mwaka wa 15 na miaka 12 inayobaki ikawa ndiyo faida yake. Anaweza pia asimalize kabisa, na hiyo ikawa juu yake, isipokuwa kama serikali ilimpa dhamana ya idadi ya magari. Dhamana hiyo ndiyo kitu cha kwanza kutafutwa kwenye mkataba wowote. Ukiikuta, jua hatari amebeba mlipa kodi huku faida akibeba mbia.

Cha pili ni kifungu cha sarafu. Januari 2024 safari ndefu ya gari dogo pale Expressway ilipanda kutoka shilingi 360 hadi 500, na sababu iliyotajwa ni shilingi kuporomoka mbele ya dola. Kifungu kama hicho hupandisha haraka. Angalia kama kinashusha pia shilingi ikipata nguvu.

---

Mhasibu Kiti cha Nyuma

Naomba niweke hesabu, maana "deni litaisha lini" si suala la maoni. Namba hizi ni za mfano tu, si za daraja lolote.

Chukua mkopo wa bilioni 100, riba asilimia 8 kwa mwaka, miaka 20, marejesho sawa kila mwaka. Rejesho linatoka kama bilioni 10.2. Jumla utalipa bilioni 204. Kwa hiyo mtu akikuambia "tumeshakusanya bilioni 100, gharama imerudi", bado hujafika hata nusu.

Sasa weka makusanyo *halisi*, yaani baada ya kutoa mishahara ya vibanda, umeme, mfumo wa malipo, ulinzi na matengenezo:

Ukibaki na bilioni 12 kwa mwaka na zote zikaenda kwenye deni, linaisha mwaka wa 15.
Ukibaki na bilioni 9, linaisha mwaka wa 29.
Ukibaki na bilioni 8, haliishi milele. Unalipa riba tu.

Tazama tofauti ya 12 na 9. Makusanyo yamepungua robo, muda umekaribia mara mbili. Ndiyo maana kupunguza viwango (kama Kigamboni walivyofanya 2022 na kuleta vifurushi vya siku, wiki na mwezi) ni nafuu ya leo inayosogeza mbele siku ya kufuta, isipokuwa kama magari yameongezeka vya kutosha kufidia. Inaweza kutokea, maana bei ikishuka waliokuwa wakipanda kivuko wanahamia darajani. Lakini ipimwe, isidhaniwe.

Halafu sarafu. Mkopo ukiwa wa dola na tozo ikawa ya shilingi, shilingi ikishuka asilimia 4 kila mwaka, rejesho la bilioni 10.2 linakuwa kama bilioni 15 baada ya miaka 10. Deni halijaongezeka hata senti moja kwa dola. Ninyi ndio mmekuwa wadogo.

---

Lami Moto

Mhasibu, umeiacha njia kuu ambayo deni "haliishi": kulirefusha kwa makusudi.

Kisa cha Georgia 400 kule Atlanta ndicho cha kusoma. Barabara ilifunguliwa 1993, senti 50 kwa gari, ahadi ikiwa kwamba hatifungani zikilipwa 2011 tozo inakufa. Mwaka 2010 zilipobaki hatua chache, mamlaka ikapitisha hatifungani nyingine za dola milioni 40 kwa miradi ya pembeni ya barabara ileile, na tozo ikaendelea. Kisheria hapakuwa na kosa. Kisiasa ilikuwa sumu, na gavana aliyefuata akaifuta Novemba 2013.

Pennsylvania ndio balaa zaidi. Turnpike yao, yaani barabara kuu ya kulipia, ilifunguliwa 1940. Sheria ya 2007 ikailazimisha kupeleka dola milioni 450 kila mwaka kwa idara ya uchukuzi ya jimbo, kwa ajili ya barabara nyingine na mabasi ya mijini. Hela hiyo ilitoka wapi? Ilikopwa, kwa kuweka rehani tozo za kesho. Viwango vimepanda kila mwaka tangu 2009. Mchango ulishuka hadi milioni 50 mwaka 2022, lakini madeni yaliyokopwa kulipia ule mkubwa yapo palepale.

Kwa hiyo kifungu cha lazima: *tozo ya barabara hii haitawekwa rehani kwa mkopo mwingine wowote*. Sentensi moja. Isipoandikwa mwanzoni, haiandikwi tena, kwa sababu mradi ukishaanza kuingiza hela kila wizara inaupenda.

---

Mdau wa Mlolongo

Hiyo ya rehani tunaijua huku kupitia mafuta. Tozo ya matengenezo ya barabara ilipanda hadi shilingi 25 kwa lita mwaka 2024, na shilingi 7 kati ya hizo zikauzwa mapema ili kupata fedha za kuwalipa makandarasi waliokuwa wakidai. Makandarasi walistahili kulipwa, hilo sibishi. Lakini matengenezo ya kesho yameshaliwa leo. Halafu tunaongezewa barabara za kulipia kwa sababu "mfuko hautoshi".

Kenya tulishakuwa na vituo vya ushuru barabarani miaka ya 80. Vikaondolewa miaka ya 90 kwa hoja kwamba tozo ya mafuta ya sheria ya 1993 ndiyo itachukua nafasi yake. Sasa tunalipa zote mbili.

---

Bodaboda Msomi

Kwa hiyo hakuna mahali walipotimiza ahadi?

---

Lami Moto

Wapo, mkuu. Dallas–Fort Worth Turnpike huko Texas: ilifunguliwa 1957, hatifungani zikalipwa miaka 17 kabla ya wakati kwa sababu magari yalizidi makadirio, na mwisho wa 1977 ikakabidhiwa jimbo bure. Leo ni sehemu ya barabara kuu ya I-30.

Kentucky pia. Sheria yao ilitaka tozo iondoke hatifungani za barabara husika zikilipwa, nao wakaziondoa moja baada ya nyingine hadi za mwisho 2006. Uhispania haikuwa deni, ilikuwa mwisho wa mikataba ya muda kwenye barabara kuu zao: AP-1 Desemba 2018, vipande vya AP-7 na AP-4 Januari 2020, kisha usiku wa Agosti 31, 2021 sehemu kubwa ya AP-7 na AP-2. Serikali ilikataa kuirefusha.

Kilichowasaidia wote hao ni kwamba tarehe au sharti lilikuwa linajulikana na kila mtu miaka kabla. Waziri angetaka kurefusha, angelazimika kufanya hivyo hadharani.

---

Wakili wa Pembezoni

Na Dartford ni kinyume chake, hukohuko Uingereza iliyotupa Severn. Mahandaki mawili, la 1963 na la 1980, kisha daraja la 1991, yote yanavuka Thames mashariki ya London. Sheria ya 1988 ilisema tozo ingekoma deni likilipwa. Deni likalipwa. Aprili 2003 ikaja *charge* (ada) chini ya sheria nyingine kabisa, ya mwaka 2000, safari hii kwa jina la kupunguza msongamano. Dereva hakuona tofauti yoyote kibandani. Vibanda viliondolewa 2014, malipo yakahamia mtandaoni, na Septemba 2025 gari dogo likapanda kutoka pauni 2.50 hadi 3.50.

Niwe mkweli: hoja ya msongamano pale haikuwa uongo. Ukifungua bure njia iliyojaa, itajaa zaidi. Lakini kama sababu ni msongamano, basi bei ifuate msongamano. Dartford saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni bure, hilo angalau lina mantiki. Anayekutoza saa 9 usiku kwa jina la foleni anakukusanyia hela tu.

---

Mhandisi Kifusi

Mmejadili karatasi, sasa tushuke barabarani. Siku ya kufuta tozo si kufungua vizuizi na kwenda nyumbani. Kuna mambo manne yanayoharibika, na yote yameonekana kwingine.

La kwanza, uwanja wa vibanda. Barabara ya njia tatu kila upande pale inatanuka hadi njia nane au kumi, zikitenganishwa na visiwa vya zege vyenye pua ya kukinga magari. Ukiacha visiwa hivyo na kuruhusu magari yapite kwa kasi ya kawaida, umeweka nguzo katikati ya barabara kuu. Utaratibu salama ni huu: funga vibanda vya pembeni, elekeza magari kwenye njia za katikati kwa vizuizi vya zege vilivyopangwa mfululizo (si koni), weka kasi ya chini na alama kuanzia mbali, kisha bomoa pembeni kuja katikati kwa awamu. Paa linashushwa usiku, barabara ikiwa imefungwa. Chini ya visiwa mara nyingi kuna mifereji ya nyaya na wakati mwingine njia ya watumishi. Ijazwe zege au kifusi kilichoshindiliwa kwa tabaka, la sivyo mvua ya kwanza lami itatitia hapo. Mwisho unafuta michoro yote ya zamani kwa kukwangua. Ukiipaka rangi nyeusi, usiku wa mvua itang'aa na dereva atafuata mstari uliokufa.

La pili, makutano. Barabara ya tozo hujengewa matoleo (njia za kuingilia na kutokea) machache, na yanapindishwa ili kila gari lipite kwenye kibanda kimoja. Kentucky walibaki na mizunguko ya ajabu iliyokuwa na maana pale tu kibanda kilipokuwa katikati, ikabidi waijenge upya. Tozo ikifutwa, wakazi watadai matoleo mapya, na wana haki. Bajeti yake itengwe kabla.

La tatu, magari yatahama. Catalonia, kule Uhispania, malori yaliacha barabara ya zamani ya pwani na kujaa AP-7. Vijiji vikapumua, AP-7 ikaziba. Kwetu malori ndiyo hatari kubwa kwa lami. Uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10, ambayo ndiyo kikomo cha Afrika Mashariki kwa ekseli moja yenye matairi manne, ikibebeshwa tani 13, inaumiza lami karibu mara tatu. Kituo cha tozo kikiondoka na mzani ukawa mbali, umempa aliyezidisha njia ya bure. Hamisheni fedha za vibanda ziende kwenye mizani inayopima gari likitembea.

La nne, matengenezo yaliyorundikwa. Mbia anayejua anaondoka mwaka wa 30, mwaka wa 26 anaacha kuweka tabaka jipya la lami. Anaziba mashimo tu na kupaka mistari ing'ae. Mkataba mzuri unataka ukaguzi wa pamoja miaka mitatu hadi mitano kabla ya makabidhiano, unazuia sehemu ya mapato kwenye akaunti maalumu hadi kasoro zirekebishwe, na unataja hali ya kukabidhi kwa vipimo: ukwaruzo, kina cha mikondo ya matairi, nyufa, miaka iliyobaki ya uhai wa lami. Kwenye daraja usisahau beringi (vikalio vya daraja juu ya nguzo), maungio ya upanuzi, na kebo kama ni la kebo kama Kigamboni. Ungio lililochoka utalisikia linagonga kila gari likipita. Maji yanayopenya hapo yanadondokea kichwa cha nguzo na kula nondo, na upepo wa bahari unasaidia kazi.

---

Bodaboda Msomi

Na salio la kwenye kadi?

---

Mhandisi Kifusi

Lirudishwe. Severn waliokuwa na TAG, kifaa cha kulipia bila kusimama, walirudishiwa salio na amana ya kifaa. Kwetu iandikwe: salio lirudi kwenye namba ya simu iliyosajiliwa bila mtu kujaza fomu, na vifurushi vya mwezi visiuzwe siku 30 za mwisho. Ni shilingi ndogondogo, lakini zikijumlishwa kwa maelfu ya watu anayezishika hana haraka ya kuzitoa.

---

Kivukoni Leo

Mnaongea kama kufuta tozo ni zawadi. Gauteng, Afrika Kusini, walizima e-toll (tozo ya barabara ya kielektroniki) usiku wa Aprili 11, 2024 baada ya zaidi ya miaka 10 ya watu kugoma kulipa. Deni halikuwa limeisha. Lilikuwa randi bilioni 47, likagawanywa asilimia 70 serikali kuu na 30 jimbo. Sasa mkulima wa Limpopo asiyejua barabara za Johannesburg anachangia. Aliyepita alikataa, asiyepita analipa. Kwa Kigamboni ni hivyohivyo: futa leo, na fedha ya NSSF italipwa na Hazina, yaani na mtu wa Namtumbo.

---

Mzani56

Kivukoni, hoja yako ina uzito na ndiyo maana uzi unasema *deni likiisha*. Kufuta kabla ni kuhamisha mzigo, hilo nakubali. Ila na mtu wa Kigamboni ana swali lake: Daraja la Mkapa pale Rufiji bure, la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 bure, na kodi ya Kigamboni imo humo. Kwa nini yeye pekee? Jibu la kitaalamu ni kwamba daraja lake lilijengwa kwa fedha ya uwekezaji. Jibu hilo linakubalika iwapo tu hesabu ya uwekezaji huo inachapishwa kila mwaka: deni la mwanzo, faida iliyokubaliwa, makusanyo, gharama za uendeshaji, salio. Mistari mitano kwenye ukurasa mmoja. Bila hiyo, mbunge atauliza na waziri atajibu kuwa "Serikali inalifanyia kazi" mpaka wote wastaafu.

---

Kivukoni Leo

Sawa. Basi deni likiisha tozo ishushwe, ibaki ndogo ya matengenezo. Kila mtu ataridhika.

---

Mhasibu Kiti cha Nyuma

Hapo ndipo watu wengi wanaponasa. Inaonekana ya busara, ni mbovu kuliko kubakiza tozo yote au kuifuta yote.

Chukua mfano tena. Makusanyo bilioni 14, gharama ya kukusanya bilioni 2, matengenezo bilioni 1.5, kinachobaki kinalipa deni. Deni likiisha, unahitaji 1.5 ya matengenezo tu. Lakini ili uipate kwa vibanda lazima ukusanye 3.5, kwa sababu zile 2 za mishahara, mtandao, jenereta na ulinzi hazishuki ukishusha bei. Kibanda kinahitaji mtu yuleyule awe anapokea 1,500 au 300. Asilimia 57 ya kila tozo inaishia kulipia kazi ya kukusanya tozo. Bilioni 1.5 hiyohiyo ukiichukua kwenye tozo ya mafuta, ambayo tayari ina mfumo wake, gharama ya ziada ya kukusanya ni karibu na sifuri.

Na foleni za vibanda hazijaingia kwenye hesabu hiyo, wala ajali zake. Connecticut, Marekani, Januari 1983, lori liligonga magari yaliyokuwa yamesimama kulipa pale Stratford, watu 7 wakafa. Jimbo likaondoa tozo kwenye barabara hiyo 1985.

Kwa hiyo Kivukoni, ukitaka tozo ndogo ya kudumu, anza kwanza kuondoa vibanda na kukusanya kwa kamera au kifaa cha kwenye kioo, ushushe ile 2 hadi robo yake. Ukishindwa hilo, futa yote.